Kutuma sampuli, kemikali na barafu kavu kutoka maabara za chuo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanawahusu watafiti, wanafunzi wa uzamili na mafundi sanifu wa maabara za vyuo vyetu, hasa Tanzania na Kenya, wanaotuma vitu kwa ndege ndani na nje ya nchi. Usafiri wa barabara tumeugusa mwishoni.

## Mambo ya msingi

Bidhaa hatari ni zipi? Mimi natuma mirija michache tu ya damu.

Ni kitu chochote kinachoweza kudhuru watu, chombo cha usafiri au mazingira kikiwa safarini. Umoja wa Mataifa umezipanga bidhaa hizi katika madaraja 9: vilipuzi, gesi, vimiminika vinavyowaka, yabisi zinazowaka, vioksidishaji, sumu na vimelea vya maradhi, mionzi, vitu babuzi, na daraja la 9 la mengineyo. Kila kitu kina nambari yake ya UN yenye tarakimu nne.

Maabara ya kawaida ya chuo ina karibu madaraja yote kwenye rafu zake. Ethanoli ni daraja la 3, asidi ya nitriki ni la 8, vimelea vilivyooteshwa ni 6.2, na barafu kavu (kaboni dayoksaidi iliyogandishwa) ni la 9. Udogo wa mzigo hauuondoi kwenye sheria. Damu yako huenda isiwe bidhaa hatari kabisa, lakini barafu kavu uliyoizungushia ni bidhaa hatari bila ubishi.

Ni sheria ipi inayonibana?

Kwa ndege, msingi ni Maelekezo ya Kiufundi ya ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga), ambayo nchi wanachama huyaingiza katika sheria zao. Tanzania husimamiwa na TCAA, Kenya na KCAA, yaani mamlaka za usafiri wa anga za nchi hizo. Mashirika ya ndege hutumia kitabu cha kanuni cha IATA (chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege), ambacho hutoka kila mwaka na kuanza kutumika tarehe 1 Januari. Toleo la mwaka jana lililobaki kwenye kabati la idara halifai. Maelekezo ya ufungashaji hubadilika, na mkaguzi wa mizigo ana toleo jipya mezani.

Juu ya hayo, kila nchi na kila shirika la ndege linaweza kuongeza masharti yake. Uliza shirika kabla ya kulipia nafasi, wala usisubiri kuambiwa dirishani.

Si kampuni ya usafirishaji ndiyo inayojua haya yote? Kwa nini nihangaike?

Wakala anaweza kukuuzia boksi, kukusaidia kujaza karatasi na kupeleka mzigo uwanjani. Kisheria, kazi ya kutambua kilichomo, kukiainisha, kukifungasha, kukiwekea alama na kukitolea tamko ni ya mtumaji. Wakala hajui kama kwenye mrija kuna seramu ya mbuzi mzima au kimelea ulichokiotesha wiki nzima. Wewe ndiye unayejua. Ukimwambia “sampuli tu”, ataandika sampuli tu, na kosa linabaki kwako na kwa chuo chako.

Kwa sababu hiyo mwanafunzi asiachiwe kutuma mzigo peke yake kwa kuwa msimamizi ana haraka. Anayetia sahihi ndiye atakayeulizwa.

Ni lazima nipate mafunzo?

Ndiyo, kwa kiwango cha kazi unayofanya. Anayeandaa na kutia sahihi Tamko la Mtumaji wa Bidhaa Hatari lazima awe na mafunzo kamili yanayotambulika, na ayarudie ndani ya miezi 24. Kwa sampuli za Kundi B (tazama sehemu ya sampuli za kibiolojia) na barafu kavu sharti si zito kiasi hicho, ila lazima uwe umeelekezwa vizuri jinsi ya kuainisha na kufungasha, na maelekezo hayo yawe yamewekewa kumbukumbu. Ushauri wetu ni kila idara iwe na watu wawili wenye cheti hai. Akiwa mmoja, siku akisafiri kazi zote zinasimama.

Naanzia wapi?

Anza na uainishaji, kwa sababu kila kitu kinachofuata kinautegemea. Orodhesha vyote vitakavyoingia ndani ya boksi: sampuli, majimaji yaliyomo, kipoozeo, kifaa cha kupima joto na betri yake. Kila kimoja kiulize kama ni bidhaa hatari, kwa nambari gani. Kwa kemikali, fungua kipengele cha 14 cha karatasi ya taarifa za usalama (SDS). Hapo utakuta nambari ya UN, jina rasmi la usafirishaji, daraja na kundi la ufungashaji. Kundi la I ni hatari kubwa, II ya kati, III ndogo.

Halafu shughulikia vibali (tazama sehemu ya vibali na karatasi), kisha mpokeaji, kisha nafasi kwenye ndege. Boksi hufungwa mwisho. Wengi huanza na boksi, ndipo wanajikuta na barafu kavu inayoisha huku kibali hakijatoka.

Naweza kuzibeba mwenyewe kwenye begi?

Vimelea vya Kundi A na B haviruhusiwi kwenye begi la mkononi, begi la chini wala mwilini. Kemikali za maabara hali kadhalika, hata zile za kiasi kidogo sana zinazoruhusiwa kama shehena. Vielelezo visivyoambukiza vilivyoandaliwa kwa sharti la A180 (tazama swali la ethanoli) vinaweza kubebwa, na barafu kavu isiyozidi kilo 2.5 kwa abiria inaruhusiwa shirika likikubali. Nje ya hapo, tuma kama shehena. Chupa ya kloroformu iliyoviringishwa kwenye soksi ni hatari kwa watu wote waliomo kwenye ndege ile.

## Sampuli za kibiolojia

Nitajuaje kama sampuli yangu ni Kundi A, Kundi B, au haimo?

Kundi A ni kile ambacho, mtu au mnyama mzima akikigusa, kinaweza kumletea ulemavu wa kudumu, kumweka kwenye hatari ya kufa, au kumuua. Kanuni zina orodha ya mifano. Isome kwa makini, kwa sababu vingi vimeandikiwa “vilivyooteshwa tu”. Kifua kikuu ni mfano mzuri: bakteria waliooteshwa ni Kundi A, ilhali makohozi ya mgonjwa huenda kama Kundi B. Kimeta, tauni na virusi vya dengi ni hivyo hivyo. Ebola, Marburg na homa ya Crimea-Kongo havina nafuu hiyo. Sampuli yoyote inayoshukiwa kuwa navyo ni Kundi A. Kagera ilipata mlipuko wa Marburg Machi 2023 na tena Januari 2025. Damu ya mgonjwa anayeshukiwa katika hali kama hiyo haitumwi kama Kundi B hata kama bado hakuna jibu la maabara.

Kundi B ni sampuli yenye vimelea, au inayodhaniwa kuwa navyo, isiyofikia Kundi A. Nambari yake ni UN 3373.

Kuna pia sampuli zisizohusika sana: za binadamu au wanyama zenye uwezekano mdogo mno wa kuwa na vimelea, mfano damu ya kupima kolesteroli au homoni. Hizo bado hufungashwa kwa tabaka tatu na kuandikwa “EXEMPT HUMAN SPECIMEN” au “EXEMPT ANIMAL SPECIMEN”. Uamuzi huo unataka mtu anayejua historia ya mgonjwa au mnyama na hali ya magonjwa ya eneo. Andika sababu zake uziweke kwenye faili. Ukisitasita kati ya hapo na Kundi B, chagua B. Gharama inayoongezeka ni ndogo.

DNA, matone ya damu yaliyokaushwa na slaidi je?

Matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi ya kunyonya hayahesabiwi kuwa bidhaa hatari. Vivyo hivyo DNA au RNA iliyotolewa kwenye seli, na sampuli ambayo vimelea vyake vimeuawa kwa njia iliyothibitishwa. Neno la kushikilia ni *iliyothibitishwa*. Kuchemsha mrija dakika kadhaa kwa mazoea si uthibitisho.

Angalia pia majimaji. RNA iliyo kwenye maji safi haina tatizo, lakini ikiwa bado ndani ya TRIzol (kimiminika cha kutolea RNA) una fenoli mkononi, na fenoli ni sumu yenye nambari yake. Vimelea vilivyobadilishwa vinasaba visivyoambukiza vina UN 3245. Vikiwa vinaambukiza, hufuata Kundi A au B.

Ufungashaji wa tabaka tatu kwa Kundi B unafanywaje hasa?

Maelekezo yake yanaitwa 650. Tabaka la kwanza ni mrija wenyewe, usiopitisha maji, usiozidi lita 1 kwa majimaji. Tumia mfuniko wa kuzungusha. Mifuniko ya kubonyeza hufunguka kwa sababu shinikizo la hewa hupungua ndege ikipanda, hewa iliyofungiwa ndani ya mrija inatanuka na kuusukuma. Usijaze mrija hadi juu. Acha nafasi, maana majimaji nayo hutanuka. Zungushia mfuniko utepe wa Parafilm, kisha viringisha kila mrija peke yake au uusimamishe kwenye kitenganishi ili isigongane.

Kati ya tabaka la kwanza na la pili weka pamba au karatasi ya kunyonya ya kutosha kufyonza majimaji *yote*, kana kwamba mirija yote imepasuka pamoja. Kwa mirija 50 ya mililita 2, hiyo ni mililita 100. Pima kweli: mimina mililita 100 za maji kwenye ile karatasi juu ya sinia uone kama inabaki na unyevu tu au inaelea.

Tabaka la pili ni mfuko au kopo lisilovuja. Ama hili ama lile la kwanza lazima listahimili tofauti ya shinikizo ya kilopaskali 95, katika joto la kuanzia nyuzi −40 hadi 55. Mfuko wa kawaida wa zipu wa dukani haujapimwa hivyo. Tafuta ulioandikwa 95 kPa.

Orodha ya vilivyomo huwekwa nje ya tabaka la pili, ndani ya boksi la nje, kwenye mfuko wake wa plastiki isilowane. Boksi la nje liwe gumu, upande mmoja usiwe chini ya milimita 100 kwa 100, na kifurushi kizima kistahimili kuanguka kutoka mita 1.2. Majimaji kwa boksi zima yasizidi lita 4, bila kuhesabu kipoozeo.

Nje weka alama ya almasi yenye UN3373, kila upande wake usipungue milimita 50, na kando yake maneno “BIOLOGICAL SUBSTANCE, CATEGORY B” kwa herufi zisizo fupi kuliko milimita 6. Ongeza jina na anwani ya mtumaji na mpokeaji, na jina na simu ya mtu anayehusika. Simu hiyo iwe ya mtu atakayeijibu wakati wowote na anayejua kilichomo. Mapokezi ya chuo hufungwa saa kumi.

Kundi B halihitaji Tamko la Mtumaji. Kihifadhi cha daraja la 3, 8 au 9 kisichozidi mililita 30 kwa mrija hakiongezi sharti jingine.

Kundi A linatofautiana vipi?

Karibu kila kitu kinakuwa kizito zaidi. Nambari ni UN 2814 kwa vinavyodhuru binadamu, UN 2900 kwa vya wanyama pekee. Boksi ni la maelekezo 620, limepimwa kwa kuangushwa kutoka mita 9 na lina alama ya UN iliyochapwa na mtengenezaji. Limepimwa kama seti, kwa hiyo huwezi kuchukua kopo la kampuni hii ukaliweka kwenye boksi la kampuni ile.

Ndege ya abiria hubeba hadi mililita 50 au gramu 50 kwa kifurushi; ndege ya mizigo hadi lita 4 au kilo 4. Tamko la Mtumaji ni lazima, lenye jina la kimelea kwenye mabano. Jina hilo haliandikwi juu ya boksi. Mpokeaji lazima athibitishe kabla ya safari kwamba anaweza kupokea bila mzigo kukaa. Mashirika mengi hayabebi Kundi A kabisa, kwa hiyo tafuta ndege kwanza.

Usitume vimelea kwenye sahani za agari. Mvuke hutonesha maji, mfuniko unateleza, na agari husambaratika. Otesha kwenye mrija wa agari iliyoinama wenye mfuniko wa kuzungusha.

## Vipoozeo

Niweke barafu kavu kiasi gani?

Boksi la povu lenye kuta za sentimita 5 hupoteza kati ya kilo 2 na 5 kwa saa 24, kutegemea ukubwa wake, mfuniko unavyobana na joto la nje. Hesabu safari kutoka mlango wa maabara hadi mlango wa mpokeaji, ongeza saa 24 za ucheleweshaji, kisha zidisha. Safari ya saa 48 kutoka Morogoro kwenda Ulaya kupitia Dar es Salaam hesabu kama saa 72. Kwa boksi dogo la wastani linalopoteza kilo 3 kwa siku, hiyo ni kilo 9. Epuka kutuma Alhamisi au Ijumaa, na angalia sikukuu za pande zote mbili.

Vipande vikubwa hudumu kuliko punje. Punje hujaza nafasi vizuri zaidi, kwa hiyo changanya ukiweza. Baridi hushuka, hivyo barafu nyingi ikae juu na pembeni mwa sampuli. Nafasi tupu ijazwe karatasi, na kopo la sampuli liegemezwe kwa kitu kigumu. Barafu ikiisha kopo lisibaki likigonga huku na huku.

Kwa nini mnasisitiza boksi lisizibwe kabisa?

Barafu kavu iko kwenye nyuzi −78.5 na hugeuka gesi bila kuyeyuka. Kilo 1 hutoa zaidi ya lita 500 za kaboni dayoksaidi. Ikifungiwa, chombo hupasuka kwa nguvu ya bomu dogo. Kwa hiyo barafu kavu hukaa nje ya tabaka la pili, ndani ya boksi la povu lililo kwenye boksi la karatasi ngumu. Usizungushie gundi ya karatasi kwenye mshono wote wa mfuniko wa povu. Usitumie boksi la kuhifadhia vinywaji lenye mpira wa kuzibia.

Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hujaa chini. Usipakie barafu kavu kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha, na ukiipeleka uwanjani kwa gari, shusha vioo hata kama kuna vumbi. Kichwa kuuma na pumzi kwenda mbio ni dalili ya kusimama na kutoka nje mara moja. Vaa glavu za baridi. Glavu za mpira za maabara hazizuii kuungua.

Alama za barafu kavu ni zipi?

Lebo ya daraja la 9 ya milimita 100 kwa 100, maneno “UN1845” na “DRY ICE”, uzito halisi wa barafu kwa kilo, na majina na anwani za mtumaji na mpokeaji. Kikomo ni kilo 200 kwa kifurushi. Kwenye hati ya shehena ya ndege andika nambari, jina, idadi ya vifurushi na kilo. Ikipoza Kundi B au kitu kisicho hatari, Tamko halihitajiki.

Kosa linalorudisha maboksi mengi kuliko yote ni uzito: boksi limeandikwa kilo 5, hati imeandikwa kilo 8. La pili ni lebo za zamani zilizobaki kwenye boksi lililotumika tena. Zibandue zote au uzifute kwa wino mzito.

Nitrojeni kimiminika inaruhusiwa?

Ikiwa imemiminwa wazi kwenye chombo, ni UN 1977 na ina masharti yake. Njia rahisi ni chombo kikavu cha safari, ambacho kuta zake za ndani zina kitu chenye vinyweleo kinachofyonza nitrojeni yote. Kijaze, kiache kinywe, rudia hadi kiwango kisishuke tena, kisha *mwaga kinachobaki*. Kikiinamishwa kisitoe hata tone. Hapo sharti la A152 linakiondoa kwenye kanuni, nawe unaandika hivyo kwenye hati. Pima uzito siku moja kabla: kama kimepoteza kuliko kawaida yake, ombwe la kuta limeharibika na kisiende.

## Kemikali na vihifadhi

Formalini ya asilimia 10 ni bidhaa hatari?

Swali hili huchanganya sana kwa sababu ya namna tunavyoiita. Formalini ya asilimia 10 ya patholojia ni ile iliyozimuliwa kutoka formalini kali ya takriban asilimia 37 ya fomaldihaidi, hivyo ina fomaldihaidi karibu asilimia 4 tu. Kwa ndege, iliyo chini ya asilimia 10 haihusiki, mradi haifikii vigezo vya daraja jingine. Kati ya 10 na chini ya 25 ni UN 3334. Kuanzia 25 ni UN 2209, daraja la 8. Ikiwa na methanoli ya kutosha kuwaka, ni UN 1198.

Kwenye hati andika kiwango cha *fomaldihaidi*. Ukiandika “formalini 10%” mkaguzi ana haki ya kuusimamisha mzigo.

Nina wadudu na samaki kwenye ethanoli ya asilimia 70.

Sharti la A180 limetungwa kwa ajili yako. Kila mrija usizidi mililita 30 za ethanoli, au kielelezo kiviringishwe kwa kitambaa chenye unyevu wa ethanoli ndani ya mfuko uliochomwa kwa joto, majimaji huru yasizidi mililita 30. Mirija iingie kwenye mfuko uliochomwa, huo uingie kwenye mfuko wa pili uliochomwa wenye kitu cha kunyonya, kisha boksi imara lenye kinga ya mtikisiko. Jumla isizidi lita 1. Nje andika “SCIENTIFIC RESEARCH SPECIMENS, NOT RESTRICTED, SPECIAL PROVISION A180 APPLIES”. Vielelezo visiwe vya kuambukiza.

Njia nyingine nzuri kwa wadudu ni kumwaga ethanoli, kuwaacha na unyevu tu, na mpokeaji akajaza upya.

Kuna nafuu kwa kemikali kidogo sana?

Ipo, inaitwa kiasi kilichosamehewa, nayo hutambulishwa kwa msimbo wa E0 hadi E5. E0 haina nafuu. Ethanoli ni E2: mililita 30 kwa chupa, 500 kwa boksi. Kloroformu ni E1: 30 kwa chupa, 1,000 kwa boksi. Osmiamu tetroksaidi ni E5: gramu 1 kwa chupa, 300 kwa boksi. Tabaka ni tatu, kifurushi kistahimili kuanguka mita 1.8, na alama yake ina mistari ya mshazari pembezoni, milimita 100 kwa 100. Tamko halihitajiki, ila hati ya shehena lazima itaje.

Nitumie nini kujazia, maranda ya mbao yanafaa?

Kwa vioksidishaji, kamwe. Tarehe 3 Novemba 1973 ndege ya mizigo ya Pan Am, safari namba 160, ilianguka Boston na kuua wafanyakazi wake 3. Ilibeba chupa za asidi ya nitriki zilizofungashwa kwa unga wa mbao, na asidi ikivuja juu ya mbao hutoa joto na moshi. Kwa asidi ya nitriki, peroksaidi na pakloreti tumia vermikulaiti au kitu kingine kisichoungua. Pamba na magazeti nayo ni chakula cha moto hapo.

Nimetengeneza kampaundi mpya ya kikemia, haina SDS.

Iainishe kwa unachokijua: vikundi vya kikemia, kiyeyusho, kampaundi ndugu. Kanuni zinaruhusu uainishaji wa muda kwa sampuli za kwenda kupimwa, kwa kundi kali zaidi la ufungashaji linalowezekana, neno “SAMPLE” likiongezwa kwenye jina rasmi, na kisichozidi kilo 2.5 kwa kifurushi. Ikiwa na dalili za kulipuka, mlango huu umefungwa.

Na kemikali za zamani tunazotaka kuzihamishia kampasi nyingine?

Simama kwanza kwenye chupa mbili. Asidi ya pikriki ikikauka ni kilipuzi. Ikiwa na maji angalau asilimia 30 ni yabisi inayowaka. Etha iliyofunguliwa zamani hujenga peroksaidi, na fuwele nyeupe kuzunguka mfuniko zinaweza kulipuka ukiuzungusha. Ukiziona, usiguse wala kutikisa. Funga chumba, ita mtaalamu wa usalama wa chuo na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali (GCLA).

## Vibali na karatasi

Vibali vipi vinahitajika Tanzania na Kenya?

Inategemea kilichomo. Sampuli za binadamu zinazotoka Tanzania Bara hupitia NIMR (taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu), pamoja na makubaliano ya kuhamisha sampuli kati ya taasisi mbili. Zanzibar ina ZAHRI, taasisi yake ya utafiti wa afya. Sampuli za wanyamapori hupitia TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na Idara ya Wanyamapori, na spishi zilizomo kwenye CITES (mkataba wa biashara ya kimataifa ya spishi zilizo hatarini) zinahitaji cheti chake hata kwa tone la damu. Za mifugo huhitaji kibali cha huduma za mifugo, na za mimea cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu). Kemikali ni GCLA, na mionzi ni TAEC (tume ya nguvu za atomiki). Kenya utakutana na NACOSTI (tume ya sayansi, teknolojia na ubunifu), KWS kwa wanyamapori, na KNRA kwa mionzi.

Nchi inayopokea nayo ina vibali vyake, na mpokeaji ndiye wa kuvifuatilia. Usifunge boksi kabla ya kupokea nakala.

Thamani niandike sifuri, kwa kuwa haiuzwi?

Hapana. Forodha hukwama kwenye sifuri. Andika thamani ndogo ya kawaida na maneno kwamba ni kwa utafiti, haina thamani ya kibiashara.

Makosa gani ni ya kawaida kwenye Tamko la Mtumaji?

Limechapwa bila mistari myekundu pembezoni, hivyo halikubaliki. Mpangilio umevurugwa: inatakiwa nambari ya UN, jina rasmi, daraja, kundi la ufungashaji, kisha idadi na aina ya kifurushi. Herufi “UN” zimesahaulika. Uzito wa jumla umewekwa mahali pa uzito halisi. Masahihisho hayana sahihi ya aliyetia sahihi mwanzoni. Tunza nakala angalau miezi 3.

Kifaa changu cha kurekodi joto kina betri. Nacho kinahesabika?

Ndiyo, betri ya lithiamu ni daraja la 9. Betri ndogo ya kitufe iliyo ndani ya kifaa kwa kawaida haihitaji alama. Betri za lithiamu-ioni zinazotumwa peke yake, UN 3480, hazibebwi kwenye ndege za abiria tangu Aprili 2016.

## Hali za pembeni

Natuma kwa basi kutoka mkoani hadi Dar. Masharti ni yale yale?

Fungasha kwa tabaka tatu vile vile, kwa sababu kondakta na abiria hawana kinga yoyote. Kundi A na kemikali zisipande basi wala bodaboda. Tumia gari la taasisi au msafirishaji aliyesajiliwa. Ukiweka barafu kavu, iende kwenye buti lenye hewa, na dereva ajue kwa maandishi.

Mzigo umekwama uwanjani siku ya pili. Nifanye nini?

Omba wakala aongeze barafu kavu, na uzito mpya ubadilishwe kwenye boksi na hati zote. Wakala asifungue tabaka la pili. Ukiona hakuna wa kuongeza, amuru mzigo urudi kabla sampuli hazijaharibika.

Kifurushi kimevuja. Nani aguse?

Asiguse mtu asiyejua kilichomo. Mtu wa simu iliyo kwenye boksi aeleze nambari ya UN na hatua za kwanza. Kwa Kundi B: glavu, funika kwa karatasi ya kunyonya, mimina klorini ya asilimia 0.5 kutoka ukingoni kuja katikati, subiri dakika 30, kisha kusanya. Lakini kama sampuli zilikuwa kwenye bafa ya guanidini, usimwage klorini hata kidogo, kwani hutoa gesi yenye sumu. Tumia maji na sabuni, halafu ethanoli. Hii ndiyo sababu orodha ya vilivyomo hutaja bafa pamoja na aina ya sampuli.